Pindo la Doni

Shangazi Belema ndiye aliyeliona bango kwanza, na laiti angekuwa mtu wa kunyamaza, labda asubuhi ile ingepita salama. Lakini Belema na kunyamaza hawajawahi kukaa mkeka mmoja. Alikuwa anatoka sokoni na furushi la unga wa muhogo la kupikia wageni wa msiba, akaliona ukutani kwenye duka la dawa: picha ya marehemu kaka yake, Daketima Orubobie, fundi wa mashine za boti, amesimama wima, fimbo mkononi, anatabasamu. Belema naye akatabasamu kidogo. Kisha macho yakashuka. Yakapita kifuani, kiunoni, magotini, yakaendelea kushuka, na kote yalikopita ilikuwa nguo ileile moja nyeusi, mpaka kwenye viatu. Akatua furushi chini.

Hapa kwetu Abonnema mtoto anajua kusoma nguo kabla hajajua kusoma kitabu. Shati la mwanamume likiishia chini kidogo ya goti, hiyo ni woko, nguo ya muungwana, mtu mzima mwenye kwake. Likishuka hadi kwenye vifundo vya miguu, hiyo ni doni, na doni ni ya Alabo, mkuu aliyesimikwa mbele za watu. Kifuani zinafanana kabisa, vifungo vya dhahabu na mnyororo wake. Tofauti yote iko chini. Na Daketima, Mungu ampumzishe, alikufa hajasimikwa.

Belema alifika nyumbani kwa marehemu anahema, viatu hakuvua.

"Nani kampa kaka yangu doni?"

Ibitoru, mjane, alikuwa amekaa chini sebuleni, miguu ameinyoosha, anachambua mchele. Binti yake Sotonye alikuwa anazunguka zunguka na simu sikioni, anabishana na watu wa chumba cha maiti kuhusu saa ya kuchukua mwili siku ya Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Tangu awasili kutoka Port Harcourt, anakoshona nguo, hakuwa ameketi hata mara moja.

"Doni gani, Shangazi?"

"Ya kwenye mabango yako. Duka la dawa lipo, ukuta wa shule lipo, darajani yapo mawili. Mengine sijayaona, pumzi ilinikata."

Sotonye akakata simu bila kuaga. "Nilimwambia akate kifuani."

"Nani?"

"Mchapaji. Nilimtumia picha, nikamwambia, chukua kichwa na kifua tu. Nikamrudia mara mbili."

Akampigia mchapaji palepale, akaweka sauti ya nje. Mchapaji alikuwa mtu wa mbali, kaja Port Harcourt kutafuta riziki, na sauti yake ilikuwa na furaha tele.

"Dada, umeyaona? Nimekupa kazi ya nguvu. Nilitaka kukata kama ulivyosema, lakini nikajiambia, aa, mzee mwenye nguo nzuri hivi unamkataje? Nikamwacha mpaka viatu. Sijakuongezea hata naira moja."

Sotonye alikata simu, akasimama kati ya sebule, amejishika kichwa.

Ibitoru aliendelea kuchambua mchele, lakini polepole. "Picha ipi hiyo?" aliuliza.

"Ya miaka sabini, mama. Siku alipotimiza sabini."

"Siku ile hakuvaa doni. Alivaa shati la michirizi, nililipiga pasi mwenyewe."

"Ulipokwenda kanisani aliitoa kabatini. Akafunga mlango, akaniambia nimpige moja tu. Akasema si ya kumwonyesha mtu. Ndiyo picha pekee niliyo nayo anacheka, mama. Zote nyingine amekunja uso kama anapigwa picha ya polisi."

Mjane alikuta jiwe kwenye mchele, akalitupa nje ya mlango, mbali kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya saa nne, Karibi alikwisha kufika. Karibi ni katibu wa baraza la ukoo, kijana wa miaka arobaini anayetembea na faili hata akienda kununua chumvi. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akakataa maji. Alabo Benibo anawaita ukumbini saa tisa, alisema. Waje na bango moja.

"Na maziko?" Belema aliuliza.

"Hayo ndiyo ya kuzungumza, shangazi," Karibi akasema, akaandika kitu kwenye faili, Mungu ndiye ajuaye nini.

*

Ukumbi wa ukoo wa Orubobie una viti vyenye mikono kwa ajili ya wakuu, na benchi moja lisilo na mgongo kwa ajili ya wenye makosa. Ibitoru na Sotonye walikaa kwenye benchi. Walikaa robo saa nzima wakimsikiliza Alabo Benibo, mkuu wa ukoo wote, akizungumza na fundi wake kwa simu juu ya tairi za gari. Wazee watano walikuwa pembeni yake, mmoja anasinzia. Alipomaliza tairi, Benibo akaweka simu mapajani na kulikunjua vizuri pindo la doni yake, ambayo hata kwa kikao cha Jumatano alikuwa ameivaa.

"Lete hilo bango. La, usinipe mimi. Simama ulishike juu, wazee waone. Juu zaidi, binti, kichwa chako kinaziba."

Sotonye akasimama, akakunjua bango la akiba ambalo wabandikaji wa mchapaji waliliacha, akalinyanyua kwa mikono miwili. Lilikuwa kubwa, likamfunika uso. Nyuma ya karatasi hakuona mtu, alisikia sauti tu.

"Huyo ni nani?"

"Baba yangu."

"Alikuwa na kazi gani?"

"Fundi wa mashine za boti, Alabo."

"Fundi wa mashine kwetu huvaa nini siku ya kuvaa?"

"Woko."

"Na hiyo ni nini?"

Bango likaanza kutikisika na kutoa sauti ya karatasi. Alijiona yuko darasa la tatu, ameshindwa hesabu, mwalimu kamsimamisha mbele ya wenzake. "Doni."

"Nani aliishona?"

"Mimi."

"Kumbe." Benibo hakuharakisha. "Endelea kushikilia."

Ibitoru alinyanyuka kwenye benchi. Alikuwa mwanamke mfupi, na kwenye khanga nyeusi za msiba alionekana mfupi zaidi. "Alabo, naomba niseme."

"Sema, mama."

"Miaka tisa iliyopita ulikuja nyumbani kwangu. Ulikaa kwenye kiti cha mume wangu, ukala samaki niliyempika kwa mkono huu. Ukamwambia, Daketima, kiti cha nyumba yenu kiko wazi na wewe ndiye tumekuchagua. Ukamwambia, shona doni, baada ya Pasaka tunakusimika. Nilikuwepo, nilikuwa naondoa sahani."

Mzee aliyekuwa anasinzia akafumbua macho.

"Nilisema baada ya Pasaka," Benibo akajibu. "Sikusema Pasaka ya mwaka gani."

Wazee wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, wakacheka tu kama wanavyocheka watu waliozoea kucheka pamoja. Ibitoru akarudi kukaa. Sotonye, nyuma ya bango, alilia bila sauti, na alishukuru kwamba karatasi ile ilikuwa kubwa.

Basi Benibo akakata maneno. Yeye si mkatili, alisema, na marehemu alikuwa mtu mwema, mashine ya boti ya Benibo mwenyewe aliitengeneza mara nyingi. Lakini kila asiyesimikwa akivaa doni, waliosimikwa wavae nini? Mabango yabanduliwe leo, na aliyeyaagiza ayabandue kwa mkono wake. Waje na chupa mbili za pombe ya jini za kuomba radhi. Na ile nguo ikatwe iwe woko, azikwe nayo, ili asiseme mtu kwamba ukoo umemnyima nguo yake. Kipande kitakachokatwa apewe Karibi.

"Na tusipokata?" Sotonye aliuliza, akalishusha bango, Karibi akalichukua.

"Ukumbi huu utakuwa na kufuli Ijumaa. Wanawake wa ukoo hawatamtandikia kitanda cha kuagwa wala kumvalisha. Mtamlaza uani kwenu chini ya turubai, kama mtu aliyeokotwa na maji."

Sotonye alifungua mdomo. Mama yake akamtangulia.

"Itakatwa," Ibitoru alisema.

*

Sotonye alianzia darajani, kwa sababu huko ndiko alikoona aibu zaidi na alitaka kuimaliza. Alikuwa na ndoo ya maji, kitambaa na kisu cha jikoni. Gundi ya yule mchapaji, tofauti na akili yake, ilikuwa imara. Bango halikubanduka zima hata moja. Lilitoka vipande vipande, mara sikio, mara nusu ya fimbo, na Sotonye aliona bora aanzie chini, kwenye miguu, ili uso uwe wa mwisho.

Watu walipita. Wengine walimpa pole, na pole yenyewe ilikuwa na masikio, inasubiri kusikia. Muuza samaki mmoja aliyekuwa anakaa jirani na mama yake sokoni alisimama na beseni lake kichwani.

"Ndiye Alabo wetu huyo? Tumemsubiri wee, kumbe anasimikiwa ukutani."

"Mama, naomba upite."

"Napita, mwanangu, usinikasirikie. Hiyo karatasi ngumu, nipe kipande nifunikie samaki, nzi wamenichosha."

Sotonye hakumpa. Alikuwa na mfuko wa nailoni, na kila kipande alikitia humo, hata kile kilicholowa na kuwa kama uji. Wingu la mvua lilikuwa limening'inia tangu mchana na halinyeshi. Alifanya haraka, akachubuka vidole kwenye saruji, akahama ukuta, akarudi kwenye ule wa kwanza kwa kuwa alidhani ameacha kipande. Kwenye ukuta wa shule palibaki tabasamu, ukingo wa mdomo na meno mawili, na halikutoka kwa kisu wala kwa maji. Akaliacha.

*

Ibitoru alikuwa amekwisha kuitoa doni kabatini. Ilikuwa kitandani, imelala chali, sufi nyeusi nzito, na chumba kizima kilinuka naftalini. Kando yake alikuwa ameweka mkasi mkubwa wa Sotonye, futikamba, na pasi ya mkaa ambayo tayari ilikuwa imewashwa.

"Kula kwanza," alisema. "Kisha kata."

Sotonye hakula. Alipita upande huu wa kitanda, akapita upande ule. Alikuwa na miaka ishirini na mbili aliposhona nguo hii. Ndiyo nguo ya kwanza kubwa aliyowahi kupewa, na baba yake alimlipa kama fundi mgeni, akamdai na risiti.

"Mama, tungeweza kukataa. Tumlaze hapa uani. Watu wanaotupenda watakuja."

"Wangapi?"

"Wachache."

"Na huyo shangazi yako atatandika kitanda kwa siri? Na nani atambeba? Baba yako ametengeneza boti za mji huu miaka hamsini, alale chini ya turubai kwa ajili ya shubiri mbili za kitambaa?" Ibitoru alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kata, Sotonye. Nguo hii imekaa kabatini mwangu miaka tisa kama mgeni asiyeaga. Kila Krismasi baba yako anaitoa, anaianika upeponi, anairudisha. Nikimwambia Daketima, twende kwa dada yangu kule Bakana tukae mwezi, ananiambia vipi wakiniita niko Bakana? Tisa. Hatukwenda popote. Sokoni wananiita Mke wa Alabo. Mke wa Alabo, punguza bei ya samaki, mumeo anasimikwa kesho. Na mimi nacheka nao, nifanyeje, nauza."

"Ulimchukia baba?"

"Nimechoka. Kuchoka na kuchukia si kitu kimoja, ukiolewa utajua." Kisha akasema jambo lililokuwa limemkaa moyoni tangu ukumbini. "Mimi sijamwona nayo. Unajua hilo? Alisema ni mkosi mke kuiona mwilini kabla ya siku yake. Leo ningemwona, lakini wewe umesimama ukumbini umemshika, na mimi niko nyuma yako kwenye benchi. Nimeona mgongo wa karatasi."

Sotonye aliketi chini, mara ya kwanza ndani ya nyumba hii tangu aje.

"Ningekuachia bango moja," Sotonye alisema, ameshika kitambaa.

"La nini sasa." Ibitoru akanyanyuka. "Naenda kununua hizo chupa zao. Nikirudi nikute imekatwa."

Sotonye alipima kutoka bega hadi chini ya goti, akaweka alama ya chaki. Akachukua mkasi, akaufungua, akauingiza kwenye pindo. Akautoa. Akaenda dirishani, akarudi. Mkasi ule ameutumia kukata nguo za maharusi na sare za shule, haujawahi kumgomea. Aliuingiza mara ya pili, na mkono ukakataa katakata.

Hapo ndipo shetani, au malaika, mwenye kujua ni Mungu, alipomwonyesha njia. Aliligeuza pindo kwa ndani, akalikunja juu mpaka kwenye alama ya chaki. Akatunga sindano uzi mmoja mrefu na kulishikiza kwa mishono mikubwa, legelege, ile ya kushikilia kazi kabla ya kushona kweli, ile ambayo ukivuta ncha moja yote inakuja. Fundo akaliacha upande wa kushoto, kwa ndani. Kisha akapiga pasi, akabonyeza, akapiga tena, mpaka jasho likamtoka. Ilikuwa woko. Mtu yeyote angeapa ni woko, nzito kidogo tu kuliko kawaida.

Mpango wake ulikuwa huu: Ijumaa, kabla jeneza halijafungwa, yeye ndiye atakayemwekea baba fimbo mkononi. Atainama. Atavuta.

*

Karibi alikuja Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na futikamba yake mwenyewe. Alipima nguo kutoka bega hadi pindo, akaandika. Akalishika pindo kati ya vidole viwili.

"Mbona nene?"

"Nimeitia bitana," Sotonye akasema. "Mwili wa baridi unataka nguo yenye uzito, isipande pande."

"Ahaa. Na kipande?"

Kipande. Tangu juzi Sotonye amewaza uzi, amewaza fimbo, kipande hakikumjia akilini hata kidogo. Alisema naenda kukileta, akaingia chumbani, akafunga mlango, akageuka geuka kama kuku aliyeingia nyumba ya watu. Kisha akakumbuka. Mabaki. Baba yake hakuwa mtu wa kutupa kitu. Sufi iliyobaki miaka tisa iliyopita aliiviringisha akaiweka chini ya kabati, ndani ya mfuko wa sukari. Ilikuwa bado imo. Sotonye akakata ukanda wa shubiri mbili, na safari hii mkasi ulikwenda bila kuombwa.

Karibi aliukunja ule ukanda, akaupachika ndani ya faili. "Pole sana kwa msiba," alisema, na inawezekana alimaanisha.

Belema alikuwa anasubiri mlangoni kuipeleka nguo ukumbini. Ibitoru akaichukua mikononi mwa binti yake ampe wifi yake. Aliishika, akaipima uzito kidogo kama anavyopima samaki kabla ya kutaja bei. Akamtazama Sotonye. Akaitoa.

Ukumbi ulifunguliwa. Wanawake wa ukoo walikuwa wametandika kitanda kwa vitambaa vya miraba vya bibi zao, rangi juu ya rangi, mikunjo imepangwa bila kasoro, na Daketima alilala juu yake amevaa woko, shuka kiunoni, kofia pembeni. Watu walijaa mpaka barabarani. Waliotengenezewa mashine walikuja, waliomdai walikuja, na yule muuza samaki alikuja, akalia kuliko wote. Alabo Benibo aliingia na wazee wake, akasimama miguuni pa kitanda, akatazama pale nguo ilipoishia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema maneno mazuri. Sotonye hakusikia hata moja, alikuwa anaitazama fimbo.

Mwili ukahamishiwa kwenye jeneza. Sotonye akaichukua fimbo ukutani, akasogea. Karibi akampokea, kwa adabu kabisa.

"Hii huwekwa na baraza, dada."

"Ni ya baba yangu."

"Ndiyo maana tunaiweka kwa heshima."

Na kweli akaiweka kwa heshima. Sotonye akajipenyeza upande wa pili, akakuta mzee amesimama; akazunguka kichwani, akakuta waimbaji. Mtu akamvuta mkono amfariji, mwingine akamkumbatia, na kadiri alivyojinasua ndivyo walivyozidi kumshika, wakidhani uchungu umempanda. Kisha wanawake wakanyanyua kitambaa kikubwa, wakalizingira jeneza, ndani akabaki mjane peke yake amuage mumewe, kama ilivyo kwetu. Haikuchukua muda. Kitambaa kiliposhushwa, mjane alikuwa amekwisha kukishusha kifuniko kwa mkono wake, na mafundi wakaanza kukaza misumari.

Sotonye alisimama anaihesabu misumari ile. Baba yake alikwenda amekunjwa.

*

Wageni walikula onunu, viazi vikuu vilivyopondwa na mafuta ya mawese, na supu ya pilipili, wakasifu, wakaondoka. Saa kumi jioni ndani walibaki mama na binti, na masufuria. Mvua iliyokuwa imening'inia tangu Jumatano ilianza kunyesha, na Sotonye, aliyekuwa anaosha sahani ileile kwa mara ya tatu, akaiacha ikatumbukia majini.

"Mama, sikuikata."

Ibitoru alikuwa anafunga vyakula vilivyobaki. "Hukukata nini?"

"Doni. Niliikunja ndani, nikaishikiza kwa uzi mmoja. Nilitaka niuvute kabla hawajafunga. Sikufika." Sasa machozi yalikuja yenyewe. "Nimewadanganya wazee, nimekudanganya wewe, na bado baba kazikwa na woko. Sikufanya hili wala lile."

Ibitoru aliweka sufuria chini. Akajifuta mikono, akalifungua fundo la khanga yake kiunoni, pale anapoweka pesa za sokoni. Hakutoa pesa. Alitoa uzi, mrefu, mweusi, umejiviringa, na mwisho mmoja una fundo.

Sotonye aliutazama bila kuugusa.

"Nguo iliyokatwa haiwi nzito vile," Ibitoru alisema. "Na fundo lako la kuanzia huliweka kushoto tangu unajifunza. Mimi ndiye niliyekununulia sindano ya kwanza, umesahau?"

"Ulivuta wote?"

"Wa mbele. Nyuma alikuwa amelalia, ukakatika. Si neno, mtu akilala, nyuma yake haionekani."

"Ikashuka?"

"Ilishuka mpaka ikafunika viatu."

Sotonye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mvua ilipiga bati. Ibitoru aliuzungusha uzi kwenye kidole, mara moja, mara mbili, akaurudisha kwenye fundo la khanga na kulikaza.

"Sikuufanyia ukoo, wala sikukufanyia wewe," alisema. "Miaka tisa nimenusa naftalini. Nilitaka nimwone mara moja."

"Alipendeza?"

Ibitoru aliwaza, kama mtu anayetaka kusema kweli.

"Alipendeza," alisema. "Bega la kushoto tu ndilo ulilolishona likavuta kidogo."